Juu ya Sanduku na Kufuli Zake

Neno fupi kuliko yote ambayo mtu aweza kuiambia mashine ni "ndiyo". Katika kompyuta ya namna niitumiayo mimi huandikwa kwa herufi moja tu, na kidole kikisha kuigusa hapana mjumbe awezaye kutumwa kulirudisha. Nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimefundisha hesabu shuleni kwa miaka mingi, na mara nyingi nimewaonya watoto wasitie sahihi karatasi wasiyoisoma. Walakini mwezi wa Desemba, mwaka 2023, katika kata ya Kalangalala mjini Geita, nilisema ndiyo kwa maneno ambayo sikuyasoma, na wanawake 27 wakaingia taabuni kwa sababu yangu. Insha hii ni habari ya kosa hilo, na ya elimu niliyoipata nilipotafuta njia ya kulitengeneza.

Baada ya kustaafu nilifungua duka la kupiga chapa na kunakili karatasi. Duka lenyewe ni kontena la chuma, lililokwisha kusafiri baharini hata likachoka, kisha likakatwa mlango na dirisha ubavuni. Wateja wangu ni watu wa dhahabu. Wanaapolo hutoka katika maduara na vumbi lao, wakataka picha ya kitambulisho. Wenye karasha hutaka mkataba wa kugawana mifuko ya mawe. Mwingine huja na maombi ya leseni ya uchimbaji mdogo. Mji huu umelelewa na madini. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hata 1966; mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000; na soko la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019. Lakini fedha ya mchimbaji aghalabu ni kama mvua juu ya jabali: hunyesha sana, na baada ya saa moja jabali ni kavu. Ndiyo sababu wanawake wa mtaa wetu waliunda kikoba.

Msomaji ajuaye vikoba ataniwia radhi nikieleza kidogo. Kila juma wanachama hukutana, na kila mmoja hununua hisa kwa kadiri ya uwezo wake. Fedha hutiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo za kufuli hizo hushikwa na wanawake watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe hulala kwa mwanamke wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Hapana anayeitwa mwizi, wala hapana anayepewa nafasi ya kuwa mwizi. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa mbele ya wote, na kila mtu hupata mgao wake pamoja na faida ya mikopo.

Hesabu za kikoba hiki zilikuwa katika kompyuta yangu. Kijana mmoja, kabla hajahama mji, alikuwa ametuandikia programu ndogo ya kuzitunza. Haikuwa na sura ya kupendeza, lakini ilikuwa mwaminifu: uliiandikia jina na idadi ya hisa, nayo ikajumlisha. Aliiandika kwa lugha iitwayo Python, katika toleo lake la pili. Toleo hilo waliolitunga waliacha kulihudumia mwezi wa Januari, mwaka 2020. Mimi sikuwa na habari, na programu haikulalamika. Kwa hiyo niliendelea kuitumia kama mtu akaavyo katika nyumba ambayo mchwa wamekwisha kuingia dari lake.

Yanipasa sasa nieleze jinsi kompyuta hizi zinavyopanga mali zao, maana bila hayo kosa langu halitafahamika. Mashine yangu hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, katika mkusanyo uitwao Debian. Programu zake huletwa kwa vifurushi kutoka katika ghala kubwa. Hapa nasema kifurushi cha programu, si kile cha muda wa intaneti tununuacho kwa simu, ijapokuwa cha kwanza hakiji bila cha pili. Kila kifurushi hutegemea vifurushi vingine, navyo hutegemea vingine tena. Ili kuokoa nafasi, programu nyingi hushirikiana chombo kimoja, kama jamaa wa boma moja wanavyoshirikiana kinu. Mpango huu una busara nyingi na hatari moja: mmoja akitaka kinu kipya, na kile cha zamani kikatupwa, aliyezoea kutwanga katika cha zamani atalala na njaa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mteja mmoja alitaka mabango ya harusi, na programu ya kuyachora ilitaka vyombo vipya kuliko nilivyokuwa navyo. Nikaipandisha mashine kutoka Debian ya 11 hata ya 12, iliyotolewa mwezi wa Juni mwaka ule. Toleo hilo la 12 halikuwa tena na Python ya pili katika ghala lake. Kazi ilipokwisha nikaiamuru mashine ifagie mabaki. Ikaniorodheshea vifurushi ilivyoviona havina kazi, mistari mingi ya Kiingereza iliyobanana kama mchele katika pishi, kisha ikauliza kama iendelee. Mteja alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa yake. Nikabonyeza ile herufi moja. Mabango yakatoka mazuri, na bwana harusi akafurahi.

Siku nne baadaye wanawake walikuja kuchukua hesabu za mgao. Nikaita programu yao, isiitike. Nikaita tena, mashine ikanijibu kwamba haimjui mkalimani wa lugha ile. Jalada lenye hesabu lilikuwapo, zima, halikupungua kitu. Lakini lilikuwa kama barua iliyoandikwa kwa hati ambayo msomaji wake amefariki. Nililetewa kiti katika duka langu mwenyewe.

Mama mwenyekiti hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwalimu, fedha ipo?" Nikajibu, "Fedha ipo katika sanduku, mama. Kilichopotea ni hesabu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fedha isiyo na hesabu ni ya nani?" Sikuwa na jibu, na hata leo sijapata jibu lililo bora kuliko swali lake.

Mgao ulicheleweshwa siku mbili. Tulikaa chini ya mwembe na vitabu vidogo vya wanachama, tukahesabu mihuri ya hisa kwa kidole, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Miongoni mwa waliosubiri alikuwamo mama ambaye mumewe alikuwa amevunjika mguu katika duara, naye aliutegemea mgao ule kwa matibabu. Alisubiri siku zote mbili bila kusema neno. Laiti angalisema neno, ningalijisikia nafuu.

Binti wa dada yangu, ambaye hunisaidia dukani wakati wa likizo, aliniuliza jioni ile, "Mjomba, mashine ilikuuliza kabla ya kufuta?"

"Iliniuliza," nikasema.

"Nawe ulisoma ilichouliza?"

Nikamwambia aende akafunge dirisha. Kukwepa swali la mtoto ni dalili ya mtu mzima aliyeshindwa, nami nilijua kwamba nimeshindwa.

Tangu usiku ule nikaanza kusoma. Niligundua kwamba tatizo langu lilikuwa la zamani, na kwamba dawa yake imekuwa ikichemka kwa muda mrefu. Mwaka 1979 mafundi wa mfumo wa Unix walibuni amri ya kuifanya programu ione pembe moja ya diski kana kwamba ndiyo diski yote. Miaka mingi ikapita. Kisha katika Linux zikaongezwa mbinu mbili kubwa: moja huamua programu ione nini, na nyingine huamua ile kiasi gani cha nguvu ya mashine. Mwaka 2008 mbinu hizo zilianza kuunganishwa kuwa chombo kamili, na mwaka 2013 Docker ikakieneza duniani. Wataalamu wakakiita chombo hicho kontena. Niliposoma jina hilo nilicheka peke yangu, nikatazama kuta za duka langu. Kumbe miaka yote hiyo nimekaa ndani ya jawabu nikililia swali.

Kontena la kompyuta lina maana ile ile ya kontena la bandarini: kila mzigo katika sanduku lake, na mafuta ya huyu hayamwagikii nguo za yule. Programu huwekwa ndani pamoja na vyombo vyake vyote, vya umri wake na kabila lake. Ya nje yabadilike yatakavyo. Ya ndani hukaa kama yalivyofungwa. Kwa hiyo programu ya kikoba haikuhitaji nirudishe mashine yote nyuma. Ilihitaji chumba chake tu.

Nilitumia programu iitwayo Podman, ambayo haidai mamlaka ya mkuu wa mashine ili kufanya kazi. Nikaandika amri ya kuleta Debian ya 9, ya mwaka 2017, mzigo usiofika megabaiti 100. Maghala ya toleo hilo hayakuwa tena mahali pake pa kawaida. Yamehifadhiwa katika nyaraka za Debian, na ilinibidi niielekeze mashine huko, kama mtu atafutaye cheti katika chumba cha mafaili ya kale. Nilipoingia ndani ya kontena nikatumia apt, amri ile ile iliyonitia aibuni, nikaiagiza ilete Python ya pili. Safari hii ilipouliza kama iendelee, nilisoma kila jina. Ghala la nje halikuguswa, na mabango ya harusi hayakuharibika.

Kisha likaja jambo nililojifunza kwa wale wanawake kabla sijalisoma kitabuni. Kontena halioni kitu cha nje isipokuwa ulichokipa. Nikalipa jalada moja tu, lile la hesabu za kikoba. Picha za wateja na mikataba ya mawe sikuipa. Kwa kuwa kuhesabu hisa hakuhitaji intaneti, nililifungua tena likiwa limekatwa mtandao kabisa. Mtandao ulihitajika siku ya kujenga, haukuhitajika siku ya kutumia. Nikaona kwamba hizo ndizo kufuli tatu: kufuli ya mamlaka, kufuli ya majalada, na kufuli ya mtandao, kila moja na ufunguo wake.

Programu ikafunguka mwezi wa Februari, mwaka 2024. Majina 27 yalijipanga kama wanafunzi waliorudi likizo. Nikaleta karatasi zetu za chini ya mwembe nikalinganisha, mstari kwa mstari. Majina 26 yalikubaliana. Jina moja lilipishana kwa hisa 3. Nikaomba kitabu cha mwanachama huyo, nikakuta kurasa mbili zilizoshikana kwa maji, na baina yake mihuri 3 ambayo hatukuihesabu. Mashine ilikuwa imesema kweli. Haraka yetu ndiyo iliyosema uwongo. Na mwanachama huyo alikuwa nani? Alikuwa yule mama aliyesubiri bila kusema neno.

Nilikwenda kwa Mama mwenyekiti na fedha za hisa 3 pamoja na faida yake, nikamwambia natoa mfukoni mwangu. Nilitumaini moyoni kwamba atakataa na kusema yamekwisha. Hakukataa. Alizihesabu mara mbili, akasema, "Avunjaye ndiye alipaye, Mwalimu. Sasa tumekuwa sawa." Mwenye fedha aliitwa, akapokea mbele ya mashahidi watatu. Nimepata kusamehewa mara nyingi maishani, lakini ni mara chache nimeheshimiwa kama siku ile nilipotozwa.

Baada ya hayo nilibadili desturi ya duka langu. Programu za kila siku, za kuchora na kuandika na kusikiliza, sasa nazileta kwa Flatpak, ambayo ilipata jina hilo mwaka 2016. Hii nayo huiweka kila programu katika ua wake, na huongozwa kwa amri chache zilizo rahisi kukumbuka: moja ya kuleta, moja ya kuendesha, moja ya kuorodhesha, moja ya kuondoa. Amri nimpendekezeayo kila mtu kuliko zote ni "flatpak info --show-permissions" ikifuatwa na jina la programu, kwa sababu hukuonyesha programu hiyo imepewa ruhusa gani. Ziko programu zinazojengwa zikiwa na ruhusa ya kuona nyumba yako yote. Ua wenye lango lililoachwa wazi si ua. Ni mstari wa minyaa tu. Lakini mwenye nyumba ana amri ya kulifunga: "flatpak override --user --nofilesystem=home". Programu ikihitaji picha moja, itaomba mlangoni, nawe utachagua picha hiyo moja kwa mkono wako. Na programu mpya ikileta vurugu, yawezekana kurudi katika toleo lililopita na kuamuru lisisasishwe tena.

Sitaki kuuficha upungufu wake. Kila programu ikija na vyombo vyake, mzigo huwa mkubwa. Programu ya kwanza ya Flatpak niliyoileta ilikuja na msingi wa mamia ya megabaiti, na kifurushi changu cha intaneti kikaisha kabla ya adhuhuri. Zilizofuata zilikuwa nyepesi, kwa sababu programu zilizojengwa juu ya msingi mmoja hushirikiana msingi huo, na faili zilizo sawa huwekwa mara moja tu. Misingi isiyotumika tena huondolewa kwa "flatpak uninstall --unused". Na amri hii nayo huonyesha orodha na kuuliza, nami husoma.

Tena ipo njia ya kupunguza gharama ambayo kwetu ni neema. Amri ya "flatpak create-usb" huinakili programu pamoja na msingi wake katika flashi, na mashine nyingine yaweza kuipokea kutoka humo bila kununua intaneti kwa ajili ya mzigo huo, maadamu ghala lake limekwisha kutambulishwa katika mashine zote mbili. Nimepeleka programu Katoro kwa basi, katika mfuko wa shati. Lililonipendeza zaidi ni kwamba saini ya ghala hukaguliwa hata kama mzigo umekuja kwa flashi. Mjumbe haaminiwi kwa uso wake. Hufunguliwa barua, muhuri ukatazamwa.

Kuna upungufu mwingine, na huu sitaki msomaji ausahau. Kontena si mashine nyingine. Makontena yote, yawe kumi au mia, hutumia kiini kimoja cha Linux. Watu wa Geita watanifahamu upesi. Maduara huwa na wenyewe mbalimbali, kila duara na matimba yake na winchi yake, na mtu wa huku hamwoni mtu wa kule. Lakini mwamba ni mmoja. Ufa ukipita katika mwamba, hauulizi duara hili ni la nani. Vivyo hivyo kasoro ikipatikana katika kiini, programu mbaya yaweza kuupenya ukuta wa sanduku lake. Kwa hiyo kiini hapana budi kisasishwe kwa wakati, na programu ya mtu usiyemjua isipewe imani kwa sababu tu imo ndani ya sanduku. Matimba humpa mchimbaji nafasi ya kufanya kazi. Hayampi ruhusa ya kulala chini.

Jambo la mwisho ni la lugha. Orodha niliyoikubali bila kuisoma ilikuwa ya Kiingereza, nacho Kiingereza nakijua. Je, yule asiyekijua? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya kuitafsiri programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mtu akiulizwa kwa lugha yake, ndiyo yake huwa ndiyo kweli. Akiulizwa kwa lugha asiyoielewa, hupatana na kimya. Lakini nisijifiche nyuma ya hoja hii, maana mimi nilielewa lugha. Nilichokosa ni subira ya dakika tatu.

Binti wa dada yangu sasa hufanya kazi za dukani peke yake wakati wa likizo. Nimemwekea sharti moja: mashine ikiuliza, aisome orodha kwa sauti kabla ya kujibu. Juzi wateja walikuwa wengi, na mmoja akamwambia afanye haraka. Nilikuwa nje, nimeketi kivulini, nikamsikia akisoma jina la kwanza, la pili, la tatu, kwa sauti ya mtu ahesabuye fedha za watu. Alipofika jina la saba akanyamaza, akaniita, "Mjomba, hiki nacho kinatakiwa kuondoka?"

Nikainuka, nikaingia ndani kutazama. Kilikuwa hakitakiwi kuondoka.